Meno ya Thora

Wanawake walianza kufika nyuma ya Hoteli ya Reli mvua ikiwa bado inanyesha. Hawakusalimiana. Kila mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi chini ya pua, kama watu wanaokwenda kurina asali, na kila mmoja alijifanya hamwoni mwenzake. Walikaa kwenye benchi kando ya ghala la makaa, mahali ambapo mtu anayepita barabarani asingeweza kuwaona.

Thora Mikkelsen alikaa mwisho wa benchi. Alikuwa ametoka kijijini Vesterskov mara tu baada ya kukamua ng'ombe, akavuka tope la msituni akiwa amevaa buti za mumewe, na sasa miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakujali. Leo Profesa Delacourt alikuwa amewaahidi meno yao mapya. Ufizi ukishapona, alisema, njooni mvae.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Mke wa mwenye hoteli, Bibi Crabbe, alitoka na ndoo ya majivu.

"Nyie tena? Mnamngoja nani?"

"Profesa," alisema Maren Toft, jirani yake Thora, mwanamke mnene asiyeogopa mtu. Neno lilimtoka likiwa limejaa mate.

"Profesa kapanda treni wiki iliyopita, mama. Hata chumba hakulipia."

"Ana meno yetu."

Jikoni mtu alicheka. Bibi Crabbe naye alijizuia, akashindwa.

"Meno yenu? Hayo aliyaacha yote. Yalikuwa kwenye ndoo chini ya kitanda. Nimeyamwaga shimoni pamoja na maganda ya viazi. Kama mnayataka, koleo lile pale."

Hakuna aliyesimama. Walibaki wameketi muda mrefu, mvua ikiwachuruzikia mabegani, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukubali.

Kusoma matangazo Thora alijifunza ukutani. Nyumba yao ilikuwa ya mbao zisizopigwa randa, na upepo ulipita kila mwanya, kwa hiyo Laurits, mumewe, alibandika magazeti ya zamani kuta zote kwa uji wa unga. Kiingereza chote alichokijua Thora alikitoa kwenye kuta hizo, akikanda mkate, akinyonyesha. Vidonge vya kuwapa nguvu kinababa waliochoka. Korseti za mifupa ya nyangumi. Cherehani inayoshona yenyewe. Mashine ya kutenganisha maziwa na malai, ambayo hata mtoto angeweza kuiendesha. Na karibu na dirisha, ardhi: ekari za malisho mabichi, tayari kwa ng'ombe, kwa familia zenye bidii. Ni maneno kama hayo, yaliyotafsiriwa kwa Kidenishi, yaliyowatoa Jutland, kwao Denmark, na kuwaleta New Zealand. Walipofika walikuta visiki na magogo yanayofuka moshi. Malisho waliyapanda wenyewe, kwa mikono, kati ya kisiki na kisiki.

Kwa hiyo mtu angesema Thora alipaswa kuwa amejifunza. Hata yeye alijiambia hivyo, kila siku.

Lakini jino lilikuwa linamuuma. Lilimuuma tangu mimba ya mtoto wa tatu, na wakati mwingine alikwenda zizini akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akalia hapo hapo akikamua. Ndipo Laurits alipokuja na gazeti jipya, *Sauti ya Bonde*, akamwekea mezani.

"Soma hapo. Anakuja mjini Ashgrove huyu. Meno bila maumivu, anasema. Kwa gesi: unaivuta, unacheka, husikii kitu."

"Tutamlipa nini?"

"Yule mtamba."

"Laurits, yule mtamba ndiye ng'ombe wetu wa mwakani."

"Siwezi tena kukusikia ukilia," alisema, akavaa kofia akatoka.

Mtamba akauzwa. Profesa Delacourt alikuwa na ndevu zilizopakwa mafuta na vidole vyenye harufu ya karafuu. Alimtazama mdomoni akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mchungaji.

"Mabovu ni matatu," alisema. "Lakini mama, nikitoa mabovu nikayaacha mazima, mazima nayo yataoza, utanirudia mwaka ujao na mwaka mwingine. Una pesa za kunirudia?"

"Sina."

"Basi tutoe yote leo, umalize shida. Nitakuletea meno ya kaure, meupe kuliko haya. Utakuwa kama bibi wa gavana."

Thora hakutaka aonekane mshamba asiyejua mambo. Akasema sawa. Chupa ya gesi ikakutwa tupu; Profesa alimpa kikombe cha brandi na taulo la kung'ata mpaka hapo ambapo hakuwa tena na cha kung'atia. Alipomaliza, aliubonyeza ufizi wake kwenye nta, akamwambia aende salama. Na Thora, damu ikimwagika juu ya taulo, ndiye aliyeomba radhi, kwa sababu alikuwa amemchafulia shati.

Hilo ndilo lililomrudia sasa katika njia ya kurudi nyumbani kutoka hotelini. Meno yaliyomwagwa na maganda ya viazi hayakumuuma kama kule kuomba radhi.

Laurits hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Alikaa mezani akamkatia nyama vipande vidogo vidogo, kama ya mtoto, akamsogezea sahani huku macho yake yako dirishani. Binti yao Sidse alimtazama mama yake akilowesha mkate kwenye maziwa.

"Mama, umekuwa bibi?"

"Kula," alisema Laurits.

Kuanzia siku hiyo Thora alikula zizini. Kanisani alisimama na wengine, akafungua kitabu cha nyimbo, akaufumba mdomo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo.

Ni Maren aliyemburuta kwenda kwa askari, kisha kwa gazeti. Askari aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Alikulazimisha kufungua mdomo?"

"Hapana," alisema Thora.

"Uliufungua mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi kesi iko wapi, mama?"

Ofisi ya *Sauti ya Bonde* ilinuka wino na mafuta ya taa. Mhariri, Bwana Haddow, alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wengi kuliko Thora. Aliwapa viti.

"Gazeti lako lilisema bila maumivu," Maren alianza. "Lilisema meno kamili, kazi ya uhakika."

"Yeye alisema, mama. Mimi nilichapa."

"Tuliliamini gazeti."

Thora naye alijaribu kusema. Alikuwa ameyapanga maneno yake ya Kiingereza njiani, yote, kwa mpangilio mzuri. Yalipotoka, yalitoka uji mtupu.

"Samahani, unasemaje?" aliuliza Bwana Haddow, akisogeza sikio.

Thora alirudia. Nyuma ya mashine, vijana wawili wapanga herufi waligeuziana visogo, mabega yakiwatikisika. Akakaza fundo la kitambaa chake.

"Nisikilizeni, mama zangu," alisema Bwana Haddow. "Mimi ninauza nafasi. Mtu akija na tangazo la mbegu, nikapande kwanza nione kama zinaota? Akija na dawa ya kikohozi, nikohoe? Nikiwauliza hivyo wote, kesho hamna gazeti. Bei ya siagi mtaisoma wapi?"

"Basi chapa kwamba yule ni mwizi," alisema Maren.

"Hilo ni onyo kwa umma. Onyo nalo ni tangazo. Bei iko pale mlangoni." Akatafakari. "Na jina lake msiliweke. Anaweza kunishtaki."

Aliwafungulia mlango mwenyewe, kwa heshima zote.

Majira ya baridi yakapita. Thora alikonda, maana bila meno hakuna kinachotafunika. Kisha *Sauti ya Bonde* ikatangaza kwamba Bwana Thirkell, mtaalamu wa meno, amechukua vyumba viwili Hoteli ya Reli, na kwamba hana uhusiano wowote na matapeli waliomtangulia.

Alikwenda bila kumwambia mtu. Bwana Thirkell alikuwa kijana, msafi, na alinawa mikono kabla ya kumgusa. Alipomfungua kitambaa alipiga mluzi mdogo.

"Kazi ya mchinjaji hii. Amekuachia mizizi."

Machozi yalimtoka Thora. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa halikuwa lake.

"Unaweza kunitengenezea?"

"Naweza. Unaweza kulipa?"

Thora aliinuka kitini. Bwana Thirkell alikaa ukingoni mwa meza.

"Tatizo langu mimi ni hili," alisema. "Watu wenu wa msituni wameingiwa na hofu. Waingereza wanapita mlango wa mbele, hao sina shida nao. Lakini wa Vesterskov wanafika hapo nyuma, wanasimama, wanageuza. Nahitaji mwanamke wa kwao. Akae nao, azungumze nao lugha yao, awashike mkono. Nguo zangu pia zinahitaji kufuliwa."

"Mimi sina meno."

"Jifunge kitambaa. Nikishapata wateja wa kutosha, seti yako ya meno nitaitengeneza bure."

"Wa kutosha ni wangapi?"

"Wa kutosha," alisema Bwana Thirkell.

Nyumbani Thora alisema amepata kazi ya kufua mashuka hotelini. Laurits aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amezoea kutomtazama, kwa hiyo hakuona chochote usoni pake.

Kazi haikuwa ngumu. Aliwakuta kwenye benchi kando ya ghala la makaa, akakaa nao, akawauliza habari za ng'ombe na za watoto, na kidogo kidogo wakaanza kumjibu. Aliwapeleka ndani. Aliwashikilia. Alizimwaga ndoo. Alijua sasa kwamba chupa ya gesi ya Bwana Thirkell ilikuwa ya kweli, iliyojaa, na kwamba ilikaa chumba cha mbele. Wa mlango wa nyuma walipewa brandi. Gesi ni ghali, alisema Bwana Thirkell, na watu wa shamba wamezoea. Kila alipomuuliza habari za seti yake, alimjibu bado kidogo.

Siku moja ya masika, Maren Toft alikuja na binti yake.

Kirstine alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa gauni lake la kanisani na alikuwa amesuka nywele, kwa sababu alidhani mahali kama hapo mtu huvaa vizuri. Harusi ilikuwa karibu. Anaolewa na mwana wa msaga unga wa Ashgrove, na nyumba ina sakafu ya mbao na jiko la chuma.

"Kumbe uko huku," Maren alisema. "Nilisikia unafua."

"Nafua pia."

Maren alimtazama kitambaa, kisha macho. Alimvuta pembeni.

"Thora, mimi sikutaka. Baba yake na baba mkwe ndio waliokubaliana. Mkwe kasema mwanawe hawezi kuoa halafu aanze kulipia meno ya mke kila mwaka. Aje ameshang'olewa yote, baba ndiye alipe, iwe zawadi ya harusi. Eti ndivyo wanavyofanya wote mjini." Sauti yake, ile isiyoogopa mtu, ilikuwa imeshuka. "Niambie kitu kimoja tu. Huyu si kama yule? Gesi anayo?"

Thora alisikia hatua za Bwana Thirkell nyuma ya mlango.

"Anayo," alisema.

Haukuwa uongo.

Maren alishusha pumzi. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso, akasema atangoja kituoni, hawezi kukaa karibu, na akaondoka haraka bila kugeuka.

Chumbani Kirstine alikaa kitini akaitandaza sketi yake vizuri juu ya magoti. Bwana Thirkell alikuwa anakunja mikono ya shati. Alimwambia afungue mdomo, na Kirstine akaufungua wote, kwa utii, kama mtoto anayeonyesha kwamba amemaliza kula. Thora aliinama akaangalia. Aliangalia juu, akaangalia chini, akatafuta hata doa moja. Hakuna hata moja lililooza. Yalikuwa yamepangana, yamebanana, na mbele palikuwa na mwanya mdogo ambao ungempendeza mtu yeyote akicheka.

Bwana Thirkell alimimina brandi kikombeni.

"Shangazi Thora," alisema Kirstine kwa Kidenishi, kwa sauti ya chini ili mwenye chumba asisikie. "Inauma?"

Nyuma ya ukuta, mke wa meneja wa benki, ambaye gesi ilikuwa bado haijamtoka, alikuwa anacheka peke yake kwa raha, anacheka na kuanza upya.

"Haiumi, mwanangu."

"Mshike mabega," alisema Bwana Thirkell.

Thora alisimama nyuma ya kiti, akaiweka mikono yake juu ya mabega yale membamba, akakaza.