Mkono wa Kushoto wa Hofu

Wachezaji wake walimwita Mwalimu mbele yake, na Bi Tazama akigeuka, maana neno hilo ndilo alilolitumia kuliko yote. Watunzi wengine wa dansi hueleza mpaka mate yakauke. Yeye alisema "Tazama," akacheza mara moja, nao wakaiga kila kitu, hata namna alivyovuta pumzi. "Hapa hatusemi, tunaonyesha," ndiyo iliyokuwa sheria ya ukumbi, na aliyeuliza maana ya hatua aliambiwa akafungue shule.

Kwa njia hiyo alitunga Hasira, ambamo visigino vilitwanga sakafu mpaka jirani wa chini akapanda kugombana. Akatunga Wivu, ya wanawake wawili na kiti kimoja. Akatunga Haya, iliyochezwa yote kwa kuwapa watazamaji mgongo. Wenye midomo yao wakasema kaishiwa, halafu wao wenyewe wakawa wanahangaikia tiketi. Baba yake alipofariki akatunga Majonzi, na watu wazima na akili zao walitoka wakijifuta machozi.

Dada yake mkubwa hakulia. Huyo ndiye mshonaji wa mavazi ya dansi zote, na ndiye aliyemlisha baba kwa kijiko miaka yote ile mkono wa mzee ulipotetemeka mpaka ukakataa kazi, mdogo mtu akiwa safarini na Wivu yake. Baada ya onyesho alisema tu, "Mkono wa baba hukuuweka," akaendelea kukusanya nguo.

Sasa ilikuwa zamu ya Hofu, onyesho la kwanza ni keshokutwa, na Bi Tazama alikuwa na hofu isiyohitaji kutungwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Ulianza na kidole gumba, akailaumu kahawa. Akaacha kahawa; kidole hakikuacha. Akaanza kushika mikono nyuma kama askari wa zamu, akabeba chupa ya maji asiyoyanywa. Kwa daktari hakwenda, kwa sababu daktari angetaja jina la ugonjwa, na jina lenyewe alilijua.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua kama unavyoijua wewe, lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa kifo, alikuwa dada yake. Dada alimalizia ujana wake kando ya kitanda cha mgonjwa, mchumba akachoka kungoja akaoa kwingine, na ni juzijuzi tu alipofungua chumba chake cha kushonea na kurudia kucheka kwa sauti. Akijua, atakifunga siku hiyohiyo. Bi Tazama alikuwa ameapa: heri aanguke mbele za watu kuliko dada yake kushika kijiko tena.

Asubuhi hiyo dada alikuwepo ukumbini, amepiga magoti pembeni, pini mdomoni, akipunguza pindo la sketi. Mwalimu alikuwa amevaa gauni alilomshonea dada yake, la kupitisha kichwani tu, halina kifungo hata kimoja. Nguo zake zote za karibuni zilishonwa hivyo. "Ndiyo mtindo," dada alisema, na Bi Tazama, ambaye vifungo vilishaanza kumtesa, alimshukuru Mungu kwa mitindo.

"Sehemu ya mwisho," aliwaambia wachezaji.

Wakajipanga mbele ya ukuta wa vioo. Wakasimama kama watu waliosikia hatua nje ya mlango. Kisha wakainua mkono wa kushoto, wote, taratibu, mpaka usawa wa kifua, na mikono ikaanza kutetemeka. Kidole gumba kilitangulia, kikisugua cha pembeni yake, halafu kiganja kikafuata.

Hakutunga hivyo. Alipowaonyesha aliinua mkono tu, akidhani umetulia, nao wakaiga kwa uaminifu wao wote. Ulikuwa mkono wa baba, safu nzima, na vioo vikauzidisha mara mbili. Alitupa jicho pembeni akaona dada ameacha kushona.

"Simameni! Nani kawaambia mtetemeke?"

Walitazamana. Mchezaji mrefu waliyemwita Twiga ndiye aliyejibu. "Si wewe, Mwalimu? Ulituonyesha."

"Sikuonyesha hivyo. Nataka mkono uliotulia."

"Ukitulia si tutakuwa kama tunasimamisha basi?"

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Wakajaribu tena, mikono ikapanda, ikatetemeka vilevile.

"Imeshaingia mwilini," Twiga alisema, sasa kwa heshima. "Tuonyeshe bila kutetemeka, Mwalimu. Mara moja tu, tutashika."

Hakuwa na nia mbaya, ndiyo kazi yao. Bi Tazama alipiga moyo konde, akaanza kuinua mkono. Mpaka kiunoni ulimtii. Ulipofika kifuani aliuamuru, akausihi, akauma meno, na kidole gumba kikaanza safari yake. Msichana wa mstari wa mbele, kwa mazoea tu, akainua wa kwake akauiga. Twiga akauvuta mkono wa msichana chini haraka.

Dada alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. "Mapumziko," aliwaambia wachezaji, yeye ambaye hajawahi kuwaamuru kitu, nao wakatoka.

"Ni baridi tu," Bi Tazama alisema.

"Baba naye alianza na baridi."

"Sikutaka ujue, dada. Zamu yako ulishaimaliza. Usije ukafunga chumba chako kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia nafunga? Nina nguo za watu zimejaa mpaka mlangoni. Na nani kakwambia nimejua leo?" Alimshika pindo la gauni. "Hebu niambie, mtindo huu wa nguo zisizo na vifungo umeuona kwa nani mwingine?"

Bi Tazama alijitazama. Akakumbuka suruali za mpira kiunoni, blauzi za shingo pana, koti la zipu yenye kishikio kikubwa. Muda wote huo alikuwa akijificha ndani ya nguo zilizomjua. Aliona aibu, na chini ya aibu ile hofu ilikuwa palepale.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwako hatusemi, tunaonyesha," dada alijibu. "Nikakuonyesha. Hukutazama."

Bi Tazama alitafuta la kufanya na mikono yake, akalikosa. Akabaki na maneno.

"Naogopa, dada."

"Na mimi naogopa," dada alisema, akaushika ule mkono bila kujaribu kuutuliza. "Lakini usiutoe kwenye dansi."