Vibati Kumi na Tisa

Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilipowaleta wakimbizi katika kijiji cha jirani na Msimbati, sarafu ziliadimika dukani kwa Sudi. Wanunuzi waliongezeka, chenji haikuongezeka, na pipi badala ya chenji walizikataa. Basi akakata debe la mafuta ya kula vipande mia mbili, akavigonga herufi S kwa msumari. Kimoja shilingi mia. Kwa miezi saba vibati hivyo vilizunguka kijiji kizima; hata wauza samaki walivipokea.

Sarafu ziliporudi, Sudi alitangaza kwamba havipokei tena, kwa kuwa wageni wanavighushi. Wenyeji aliwabadilishia kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeghushi. Vilikuwa vimemrudia mia moja thelathini na kimoja, na vilivyobaki alijua viko mikononi mwa nani.

Wiki tatu baadaye mama yake, Bi Mwanahamisi, alifariki. Siku ya kuanua tanga, Mustafa, karani wa msiba, alisimama na daftari kusoma rambirambi.

"Amiri, elfu tano. Mwalimu Jesca, elfu kumi. Luisa, mgeni wetu..." Akakohoa. "Vibati sita."

"Vibati gani?" mzee mmoja aliuliza.

"Vya mfiwa mwenyewe. Celia, vibati vinne. Ernesto, vibati tisa na kikapu cha mihogo."

"Ruka hizo," Sudi alinong'ona.

"Siruki ya mtu, ndugu yangu. Mtoaji ametoa."

"Basi andika pembeni kwamba vimeghushiwa," alitania mtu wa nyuma. Wawili watatu walicheka.

Luisa aliacha sufuria aliyokuwa akisugua, akasogea hadi mlango wa uani.

"Bibi alinichotea maji kisimani kwake tangu siku tuliyovuka," alisema. "Sina hela nyingine, kaka Sudi. Dukani ulikataa. Nikadhani nyumbani kwa Bibi havijakataliwa."

Sudi alitazama sahani ya rambirambi. Herufi kwenye vile vibati zilikuwa zimeinamia kushoto, kama mkono wake ulivyozigonga. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili. Mustafa akaifunika sahani kwa daftari.

"Havibadilishwi hapa," alisema.

Sudi akasimama. "Hakuna aliyeghushi," alisema akitazama mkeka. "Nilijua tangu mwanzo."

Mustafa hakuinua daftari.

"Rudia, ndugu yangu. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.