Mwanya wa Hildegarda

“Mkono huo sio!” mzee Petro alipaza sauti kutoka chini. “Mkata mkonge hashiki kisu hivyo, Marciana. Huyo wako anakata keki ya harusi.”

Watu wakaangua kicheko. Marciana alikuwa amesimama juu ya pipa lililopinduliwa, rangi inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakugeuka. Toka utotoni alikuwa mwoga wa macho ya watu. Akauuliza ukuta:

“Wanashikaje, mzee?”

“Chini zaidi. Kidole gumba kinalala. Na hilo tita hapo lina majani mangapi?”

“Sijahesabu.”

“Thelathini! Likipungua moja nyapara hapokei. Ongeza, ongeza, usije ukamtia mwenzio matatani.”

Marciana akaongeza majani. Alichovya kijiti chake, kijiti cha mpera alichokifunga kichwani kifundo cha singa, zile nyuzi za mkonge, akachora kimoja kimoja, na kule chini watu wakawa wanahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Walipofika thelathini wakapiga makofi. Mzee Petro akajipangusa macho, akasema ni jua.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kiwanda, ule unaotazama barabara ya kwenda Kilosa mjini. Miaka mitatu kiwanda kilikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kwenye reli ndogo ya matoroli, na mbuzi walikuwa wanalala kwenye chumba cha brashi, kile ambamo wanawake walikuwa wanapitisha singa kavu kwenye mashine mpaka zing'ae kama nywele za bibi harusi. Serikali ikasema haiwezi tena. Shamba likatangazwa, likauzwa, na mwaka ule, mwaka mmoja baada ya mvua za Elinino, mwenye shamba mpya akaleta meneja.

Katika ile miaka ya ukimya watu walikuwa wanaondoka kambini mmoja mmoja. Huyu kaenda Dumila kuuza nyanya, huyu Mikumi kupasua kokoto, huyu karudi kwao Songea. Kila chumba kilipobaki kitupu, Marciana alichukua mkaa akaingia, akamchora aliyeondoka ukutani, amekaa pale alipozoea kukaa. Hakumwambia mtu. Aliona tu kwamba chumba kikikaa bila mtu kinaumwa.

Meneja mpya, siku anakagua vyumba, akafungua mlango wa kwanza akaruka nyuma. “Samahani,” akasema, “sikujua kuna mtu.”

Alikuwa mtu wa mkaa; meneja akauliza nani kachora, na ndivyo Marciana alivyopewa ukuta wa kiwanda. Rangi zilitoka kwa Cornel, mume wa mdogo wake, anayechora vibao vya gesti kule Mikumi. Cornel alileta makopo manne yaliyobakia: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya matofali, na kijani kidogo cha kulambia.

“Shemeji,” alimwambia, “nisikilize mimi niliyekula kwa hii kazi miaka kumi. Chora tembo. Tembo hana ugomvi na mtu.”

“Hapa hakuna tembo, shemeji.”

“Na kule gesti nako hakuna. Ndio maana wanalipia kuchorwa.”

Hakuchora tembo. Upande wa kushoto alichora wakata mkonge, na upande wa kulia wanawake sita wa brashini, kila mmoja mbele ya mashine yake, singa mikononi. Sita wote walikuwa wamejifunga vitambaa usoni, kuanzia puani mpaka kidevuni, kama walivyokuwa wanajifunga kweli. Yanaonekana macho tu.

Meneja alikuja Ijumaa saa nne. Oswald jina lake, kijana wa miaka thelathini na ushee, shati limenyooka. Mzee Petro angeweza kumzaa, lakini Oswald alisimama akasubiri, mpaka mzee mwenyewe akasema, “Shikamoo, meneja.”

“Marahaba.”

Watu wakaangalia chini, kama vile kuna kitu kimemwagika.

“Mama Seni, kazi nzuri,” Oswald akamwambia Marciana. “Kweli nakwambia. Sasa hawa wamama mbona umewafunga midomo?”

“Ni brashini, meneja. Vumbi.”

“Najua ni brashini. Lakini kesho wageni wanakuja kutoka Dar, watu wa kununua mkonge. Wakiona hivi watadhani ni hospitali. Vitoe hivyo vitambaa. Nataka meno. Wacheke.”

“Mashine ikiwaka hakuna anayecheka.”

“Kwenye picha watacheka.” Akasogea karibu na pipa, akapunguza sauti, na sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. “Mama, mimi mwenyewe nimepewa miezi sita tu nionyeshe kitu. Brashini nina nafasi sita. Walioomba ni wanawake arobaini na mmoja. Wewe nimekuandika wa kwanza. Usinifanye nikufute.”

Akaondoka. Marciana akabaki juu ya pipa. Nafasi ya brashi! Alikuwa anaiota miaka mitatu, anaota mpaka kelele zake. Seni, mwanawe, alikuwa Msowero anachunga ng'ombe wa babu yake, kwa sababu hapa kambini mama yake alikuwa hana cha kumwekea sahanini. Jina moja kwenye karatasi, na mtoto angerudi kulala nyumbani.

Akiwa bado anawaza, akapita Nasieku, mama wa Kimaasai anayeleta maziwa kambini, kibuyu begani. Akasimama, akautazama ukuta, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

“Hawa mnawaachisha kunyonya?” akauliza.

“Nini, mama?”

“Sisi ndama tukimwachisha tunamfunga mdomo, asiende kwa mama yake. Hawa wamekatazwa nini?”

Nasieku akasubiri kidogo kwa adabu, halafu akaendelea na maziwa yake.

Mchana ule Marciana alipeleka uji kwa Hildegarda, mke wa mzee Petro. Hildegarda ndiye aliyemfundisha kazi ya brashi, Marciana akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, hajui hata kufunga kitambaa. Sasa alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, maana akilala chali pumzi inakataa. Daktari wa Kilosa alikuwa amesema ni kifua. Kambini kila mtu aliuita ugonjwa huo kwa jina moja: brashi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mama mchoraji. Nasikia mume wangu amekuwa nyapara wa picha.”

“Ananihesabia majani.”

“Huyo! Afadhali amepata wa kumsumbua.” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda. Marciana alimshika mgongo mpaka kikapita. Kisha akamweleza maneno ya meneja, yote, huku anakoroga uji uliokwisha kupoa.

“Sitatoa vitambaa,” akamalizia. “Akinifuta na anifute. Itakuwa uongo.”

Hildegarda akanywa vijiko viwili.

“Na mimi niko kwenye ukuta?”

“Uko, dada. Mashine ya pili, kama siku zote.”

“Nitoe kitambaa.”

Marciana akaacha kukoroga.

“Petro alinitongoza miezi mitatu,” Hildegarda akasema. “Mitatu, anasubiri mlangoni kiwandani, anaongea na macho tu. Siku niliyofungua kitambaa akapiga magoti pale pale, akasema, kumbe una mwanya! Kumbe nilikuwa natafuta macho, kumbe na mwanya upo! Miaka kumi na minane, Marciana, watu wamenijua nusu. Nikifa leo, kuna wanaosema: Hilda? Yule mwenye macho makubwa? Basi. Nichore nacheka. Nataka wajue nilikuwa na mdomo.”

“Ndicho anachotaka meneja, dada.”

“Na awe anakitaka. Mdomo wa kwake?” Akarudisha kichombo cha uji. “Ila usinitoe brashini. Nisimame pale pale nilipokuwa nasimama. Usinipeleke harusini.”

Jumamosi kulipopambazuka tu, Marciana alikuwa juu ya pipa. Wale watano aliwaacha kama walivyokuwa. Kwenye mashine ya pili akakishusha kitambaa mpaka shingoni, akachora mdomo, akachora meno, na katikati ya meno ya juu akaacha nafasi nyembamba, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Hildegarda akamcheka pale ukutani, kicheko chake kilekile cha kumchokoza mtu.

Picha ikawa nzuri. Nzuri mno. Mtu angesema brashini ni mahali pa raha.

Marciana akashuka, akarudi nyuma hatua kumi. Kisha akachukua kopo la rangi nyeupe, akachovya kijiti, akakipigisha kwenye kiganja. Matone madogo madogo yakaruka ukutani. Akapiga tena, na tena, mpaka vumbi likajaa lile lile analolijua, linalofumka kutoka kwenye mashine, linatua kwenye nyusi, kwenye vitambaa, kwenye mabega. Na kwa Hildegarda, kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi, likaingia.

Petro alimleta mkewe kwa baiskeli, amemkalisha nyuma kwenye keria, amemfunga kwa kanga asianguke. Hildegarda akautazama ukuta muda mrefu.

“Mwanya umeupanua,” akasema.

“Sijaupanua, dada. Ndivyo ulivyo.”

“Umeupanua.” Akatabasamu. Halafu akaona vile vitone vyeupe mdomoni mwake, akavifuata kwa macho kimoja kimoja. “Eeh,” akasema taratibu. “Hapo sasa umenichora.”

Wageni walifika saa tano, magari matatu. Oswald alipoona meno, uso ukamfunguka. Alipoona wale watano na vitambaa vyao, ukafungika. Lakini mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amekwisha kusimama mbele ya mashine ya pili.

“Huyu anafurahi,” akasema. “Ni mtu wa kweli?”

“Ni mimi,” Hildegarda akajibu kutoka kwenye baiskeli. “Shikamooni.”

Wakafurahi. Wakataka asimame kando ya picha yake wapige ya kumbukumbu. Petro akamshusha, akampeleka polepole mpaka ukutani. Hildegarda akajiweka sawa, akakaza kanga, akainua uso na kucheka ili mwanya uonekane. Na hapo hapo kikohozi kikaja. Hakikuwa cha kuombea radhi, kilimkunja katikati. Mkono wake wenyewe, bila kuulizwa, ukavuta pembe ya kanga ukaifunga usoni, kuanzia puani mpaka kidevuni. Mkono ulikuwa umezoea.

Mwenye kamera akaishusha. Mama mwenye miwani akatazama picha, akamtazama Hildegarda, akatazama vile vitone vyeupe. Mgeni mwingine, bila kujua, alikuwa ameziba mdomo wake kwa karatasi alizoshika. Mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Hapakuwa na vumbi lolote.

Wageni wakaingia ofisini.

Jioni Oswald alimkuta Marciana anaosha makopo. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka.

“Sikukwambia hivi, Mama Seni.”

“Ulisema meno, meneja.”

“Nilisema meno. Wamenunua. Usifikiri hawajanunua. Lakini yule mama ameniuliza maswali ambayo sina majibu yake.” Akatoa karatasi, na kalamu ikapita mara moja, juu ya jina la kwanza. “Brashini nataka watu wanaosikia. Na Jumatatu ukuta upakwe chokaa.”

Marciana alisema sawa. Aliinama akaendelea kuosha kopo lile lile, lililokwisha kutakata.

Jumatatu asubuhi ndoo ya chokaa iliwekwa chini ya ukuta, na nyapara akawaita wanawake sita walioandikwa. Agness, aliyechukua nafasi ya Marciana, akasema mkono wake wa kulia una jipu. Wa pili akasema yeye mrefu, kizunguzungu kitampata. Mama mmoja wa miaka sitini akasema ana mimba, chokaa inamchefua. Nyapara akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo, akasema basi, atangoja fundi kutoka mjini. Fundi hakuja siku ile. Honi ikalia, mashine zikawaka.

Marciana alikuwa amekwisha kurudi kwa Hildegarda kutoka ukutani, wamekaa kizingitini, mgonjwa chini, yeye nyuma yake. Mngurumo ulipofika kambini Hildegarda aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

“Nani yuko mashine ya pili?”

“Agness.”

“Kafunga kitambaa?”

“Kafunga. Ila alipopita ukutani alikishusha kwanza, akakuonyesha meno. Wote sita. Halafu wakafunga, wakaingia.”

“Agness meno yake mabaya.”

“Mabaya sana, dada.”

Wakacheka kidogo, kwa uangalifu, wasikiamshe kikohozi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kiwandani. Nyuzi nyembamba nyeupe zilitoka madirishani, zikavuka barabara, zikaelea juu ya paa za kambi, nyepesi, hazina haraka, zikaanza kutua kwenye nywele za Hildegarda. Marciana akavuta kanga akamfunika mdomo. Kisha akainama, akaanza kuzitoa, moja moja, kama mtu anayechagua mchele, na kila alipoitoa moja nyingine ilikuwa inashuka.