Hii Ndiyo Dim

Edinah Obwocha alikuwa na ukuta, na ukuta huo ndio uliomletea balaa. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa banda lake la ufundi pale Keumbu, umepakwa chokaa nyeupe na kuchorwa mistari miwili ya makaa: mmoja wa kulala, mwingine chini yake kwa kiasi cha shubiri. Gari lolote ambalo Edinah amelishika taa halikutoka kwake kabla ya kusimama hatua kumi mbele ya ukuta huo, milango ya banda imefungwa, taa zimewashwa, naye amechuchumaa na bisibisi akizipandisha na kuzishusha. Madereva walimtania kwamba wanapeleka magari kuungama. Edinah aliwajibu kwamba wapange foleni, kwa sababu madhambi yao ni mengi.

Kazi hiyo alifunzwa na Otiende, fundi kutoka upande wa ziwa aliyekuwa na gereji Kisii mjini. Otiende alimfundisha ukuta kabla ya kumfundisha waya. Mwanga wa dim, ile taa ya chini, unalala chini ya mstari, unapanda kidogo tu upande wa kushoto, kule pembeni wanakopita watu wa miguu. Ukivuka mstari unaingia machoni mwa anayekuja. Edinah alikuwa amelishika hilo kwa miaka kumi na minne, na hakuona sababu ya kuliacha eti kwa kuwa mtu fulani amekuja na katoni.

Mtu huyo alikuwa Machogu. Machogu ndiye mwenye ploti, mwenye banda, mwenye magari manne ya abiria, na juu ya hayo mzee wa kanisa la Sabato. Jumatano asubuhi aliteremsha katoni ya balbu za LED na kumwagiza Edinah azitie kwenye magari yote manne, maana madereva wamelalamika kwamba ukungu wa Manga alfajiri unawashinda. Yeye mwenyewe alikuwa ametiliwa balbu kama hizo kwenye gari lake la nyumbani na fundi mmoja wa mjini, na tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine.

"Kutoka Suneka mpaka hapa, kila gari tunalopishana linaniwashia full, taa ya juu kabisa," alisema, uso umemkunjuka. "Hata watu nisiowajua. Mwanzoni nilidhani wananionya kuna polisi mbele. Naangalia, hakuna polisi. Kumbe ni salamu. Barabara nzima imejua Machogu ni nani."

Edinah alimuuliza kama huwa anawajibu. Machogu akasema ndiyo, huwapungia mkono. Edinah alifungua kinywa, akamtazama mzee alivyojawa na furaha, akakifunga.

Badala yake akaeleza habari ya balbu. Alisema lile bakuli la kioo lililo ndani ya taa limetengenezewa balbu ya zamani, ambayo mwanga wake unatoka mahali pamoja. Ukitia hii ngeni, mwanga unatawanyika ovyo. Ukungu nao utaurudisha weupe wote kwenye uso wa dereva mwenyewe. Taa za magari yale zilikuwa hafifu kwa sababu vioo vimegeuka manjano na nyaya zimeshika kutu, basi. Yeye angesugua vioo, abadilishe nyaya, atie balbu mpya za aina ileile, kisha kila gari liende ukutani. Na sheria, aliongeza, inataka dim isimpofushe mwenzako.

Machogu akacheka. Kama ni makosa, mbona zinauzwa dukani mchana kweupe? Tena zile za zamani zisitupwe, ziwekwe kwenye droo. Siku ya ukaguzi zitarudishwa, gari lipite, kisha hizi zirudi mahali pake.

"Sasa mzee, kama si makosa, za kwenye droo ni za nini?" Edinah akauliza.

Hapo kicheko kikakatika. Machogu hakuzoea kuulizwa maswali kwenye ploti yake, tena na mwanamke aliyeshika bisibisi. Alisema amekuja kufungiwa balbu, hakuja kuhubiriwa. Edinah akamwomba jambo moja tu, aingize gari lake bandani waliangalie. Akaliingiza. Milango ikafungwa, dim ikawashwa, na mwanga ukavuka mistari yote miwili ukapanda mpaka kwenye mabati, buibui wote wakaonekana na nyumba zao. Edinah alidhani amemaliza maneno.

"Unaona?" Machogu akasema kwa fahari. "Inafika mpaka juu."

Ubishi wa namna hiyo unachosha mifupa. Machogu akatoa amri yake ya mwisho: Ijumaa kabla jua halijatua, maana Sabato haiingii na maneno ya magari mdomoni, ama balbu ziwe zimefungwa, ama vyombo vya Edinah viwe nje ya ploti. Fundi wa kuchukua banda hakukosekana.

Edinah aliogopa, hilo lisifichwe. Wateja wake wote walimjua pale pale. Huko kwingine angeanza upya kama mgeni. Vyombo vinabebeka, lakini ukuta haubebeki. Hata hivyo katika woga huo kulikuwa na hasira, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Kufunga balbu nane ni kazi ya alasiri moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila angejua yeye, kila mara atakapoushika mkaa kuchora ule mstari.

"Sizifungi," akasema. "Hata moja. Lakini Ijumaa alfajiri nitakuja Manga, pale konani chini ya boma lako. Dereva wako Gibson aendeshe hilo gari lako, wewe usimame na mimi barabarani. Ukishaliona likija na bado unazitaka, nitajitoa mwenyewe. Hutahitaji kunifukuza."

Machogu akakubali, kwa kuwa aliamini atashinda.

Ijumaa saa kumi na mbili kasorobo ukungu ulikuwa umeketi juu ya mashamba ya chai kama mwenye nyumba. Gibson, dereva mkongwe kuliko wote wa Machogu, alikuwa amepanda na gari mpaka juu. Machogu alisimama ukingoni mwa barabara amevaa koti zito na kofia, anapiga miayo, Edinah kando yake. Kisha gari likasikika linashuka, na ukungu wote ukawa mweupe kwa mpigo.

Machogu alirudi nyuma hatua mbili. Akaishusha kofia usoni, akaweka na mkono, bado haikutosha. Hakuiona barabara, hakumwona Edinah aliyekuwa amemgusa bega. Akapaza sauti kwamba Gibson aache ujinga, aweke dim. Mwanga haukupungua. Akapaza tena, sasa kwa ukali. Gari likasimama, na Gibson akatoa kichwa dirishani.

"Mzee," akasema taratibu, "hii ndiyo dim."

Akaongeza kwamba hata yeye huko ndani anaona maziwa matupu, amekuja kwa kukisia. Machogu akajipangusa macho yaliyokuwa yanamtoka machozi. Gibson akazima taa. Na hapo, kati ya gari na wao, mahali ambapo wote watatu wangeapa hakuna kitu, mtu akapanda kutoka mtaroni na kikapu cha chai mgongoni. Alikuwa Lorna, mke wa Machogu, anawahi kuchuma mapema kwa sababu ya Sabato.

"Bwakire buya," Lorna akasalimia, kisha akawauliza wanatafuta nini barabarani saa hizo.

Machogu alikuwa anamtazama miguu. Buti zake na nguo mpaka magotini zilikuwa zimelowa tope. Akamuuliza mtaroni alikuwa anafanya nini.

"Mimi huingia mtaroni kila nikiona hizi taa," Lorna akasema. "Asubuhi na jioni, hata nikiwa na mzigo. Mwenye gari hawezi kuniona, na mimi siwezi kujua kama ni wewe ama ni mtu mwingine. Nilikwambia mwezi jana. Ulisema nina wivu na gari."

Alisema bila kununa, akakaza kamba ya kikapu kichwani, akashika njia ya shambani. Machogu alimfuata kwa macho mpaka ukungu ukammeza. Edinah alimwona anavyopigana na jambo moyoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alimwonea huruma. Lakini huruma yake haikufika mahali pa kudanganya.

"Edinah," Machogu akasema mwishowe, kwa sauti ya chini ili Gibson asisikie. "Wale wote wa kutoka Suneka. Wale wa kuniwashia full. Hawakuwa wananisalimia?"

"Hapana, mzee. Walikuwa wanakutukana."

"Wote?"

"Wote. Na wewe ukawapungia mkono."

Machogu akavua kofia, akaikung'uta umande, akaivaa tena. Alimwamuru Gibson ashuke, atarudi kwa miguu. Akaingia garini mwenyewe, lakini hakuziwasha taa. Alingoja pale pale kandokando mpaka kukapambazuka kabisa na ukungu ukapanda, ndipo akaondoka pole pole.

Edinah alipopata bodaboda na kufika Keumbu baadaye, alikuta gari la mzee limekwisha kuingizwa bandani, pua imeelekezwa ukutani, hatua kumi kamili. Katoni ilikuwa mlangoni, imefungwa kwa kamba, tayari kurudishwa dukani. Machogu alikuwa ameketi ndani ya gari, vioo vimepandishwa, anatazama mistari ya makaa.

Edinah akachukua bisibisi, akafunga milango, akamgongea kioo.

"Haya," akasema. "Washa."