Mayai Arobaini

Mto wa kochi niliutoa nyumbani kwangu, mtaa wa Lozells, kwa kuwa kiti cha maabara kilikuwa kigumu na mgongo uliniuma. Walter, Mkenya mwenzangu aliyekuwa akisomea uzamivu, alinicheka.

"Malkia ameleta kiti chake cha enzi!"

Kazi yetu, majira hayo ya baridi ya 2006, ilikuwa kupima kemikali za kuzuia moto ndani ya mayai ya ndege wa bahari wa Aktiki. Walter ndiye aliyeshuka jabalini kwa kamba kuyachukua. Ndege hao hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kibali kilimruhusu kuchukua mayai arobaini, mara moja tu. Desturi ni kugandisha nusu ya kila yai kama akiba. Mimi nilimshauri tutumie yote, ili hata kiasi kidogo kionekane.

Pamoja na mayai hupimwa chupa moja isiyo na yai. Inapaswa kutoka safi. Jumanne ilitoka na kemikali karibu sawa na mayai yenyewe.

Niliinua mto. Sponji ilikuwa imemomonyoka, vumbi la manjano limetapakaa kitini. Sponji ya makochi ya nchi hii hutiwa kemikali hizohizo. Nilijua; nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi jambo hilo.

Walter alitakiwa kuwasilisha matokeo Ijumaa. Nilimwita, nikamwonyesha.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi toa kiasi cha hiyo chupa kwenye kila yai, Kemunto. Si watu hufanya hivyo?"

"Kikiwa kidogo. Vumbi haliangukii chupa zote sawasawa. Hatuwezi kujua kemikali zipi ni za ndege, zipi za kochi langu."

Koti lake lilikuwa bado linanuka mafuta, yale ambayo ndege hao humtapikia yeyote anayewakaribia.

"Walinitapikia," alisema, "lakini wengi hawakutoka kiotani. Ilibidi niwasukume kwa mkono."

Nilifungua kompyuta, nikaanza kuandika kwamba matokeo yote arobaini yameondolewa.

"Andika sababu."

Niliandika: vumbi la mto wa kukalia.

"Mto wa nani?"

Niliandika jina langu.