Koli Moja Moja hadi Golf

Haki ya Mungu aliye juu, kila neno hapa ni kweli tupu. Anayebisha aende Kenya, si ile nchi, ni komini hii hii ya Lubumbashi, aulize nyumba ya Papa Casimir iliyojaa viatu. Maboksi yalipangwa juu mpaka mabati ya paa yakainuka, njiwa wakawa wanaingia na kutoka bila kuinama.

Viatu havikuwa vyake. Vilikuwa vya Chancelvie, binti wa jirani, aliyeuza kwa simu: anapiga picha, anaweka WhatsApp, mtu wa Golf, mtaa wa wenye pesa, au wa mjini anachagua, analipa kiatu kikifika. Kwa mama yake hapakuwa na nafasi hata ya sufuria ya pili, basi akaomba chumba kwa Papa Casimir. Mzee huyo, mstaafu wa reli, alikuwa na vyumba vitatu na mdomo mmoja wa kula bukari, ugali wa kwetu. Mkewe, Émerance, alikuwa kaburini mwaka wa pili. Watoto walikuwa Kolwezi na Ndola. Walipiga simu Jumapili, ile Jumapili yenye mtandao.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Asubuhi Chancelvie anatuma orodha. Mzee anatafuta namba ya kiatu, anafunga boksi, anaandika jina. Jephté, dereva wa pikipiki mwenye watoto watatu na haraka nyingi, anakuja kubeba. Chancelvie alimlipa kwa safari, si kwa boksi.

Siku ya kwanza kulikuwa na koli nne, maboksi manne ya kupelekwa Golf. Jephté alizifunga zote nyuma ya pikipiki, akasema "Sawa, Papa," akaenda. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Mpaka usiku hakuna mtu mwingine aliyegonga mlango ule. Mzee alipika, akala, akaosha sahani moja.

Siku ya pili alimpa koli moja.

"Na zingine?" Jephté akauliza.

"Gundi haijakauka, mutoto yangu. Ukibeba sasa, boksi inafunguka mu barabara, kiatu kinakimbia chenyewe. Urudi kisha nusu saa."

Akarudi. Akapewa ya pili, na glasi ya maji, na habari ya treni iliyokwama Sakania siku mbili kwa sababu kiboko alilala juu ya reli, mpaka Papa Casimir mwenyewe akashuka kumwimbia.

"Bongo hiyo, Papa, uongo mutupu! Kiboko gani?" Jephté akacheka. Lakini hakuondoka mpaka kiboko alipoamka.

Ikawa hivyo kila siku. Leo gundi, kesho kamba, keshokutwa miwani imepotea na namba ya kiatu haisomeki. Pikipiki ikinguruma kwenye kona, mzee alikuwa ameshafika mlangoni, akijifanya anaangalia mvua ambayo haikuwapo.

Huko Golf watu wakaanza kununa. Mama mmoja aliagiza viatu vya harusi ya bintiye. Vilifika keki imeshakatwa, bibi harusi amecheza na ndala.

Wiki hiyo Chancelvie alikuja, akakaa juu ya boksi.

"Papa, mjini kuna wakala. Unaweka mali kwao, banafunga benyewe, banapeleka benyewe. Iko bei kali, lakini koli inafika siku ile ile."

Mzee akakiona kichwani chumba kitupu, akafungua mdomo upesi.

"Bale ba wakala? Depo yao iko na panya! Nimefanya kazi ya reli, ninajua panya. Banakula kiatu cha kushoto peke yake. Utabakia na mali ya kulia tu."

"Papa."

"Panya mukubwa kama mbuzi!"

"Papa Casimir. Nilimuuliza Jephté. Siku ya Jumanne alienda Golf mara tano, avenue moja. Mama mumoja aliagiza jozi mbili, kila moja ikaenda na safari yake. Sababu ya nini?"

Mzee alikuwa na majibu kumi na mawili tayari, yote matamu. Akayaacha yote.

"Alikuwa anakunywa maji hapa," akasema.

Chancelvie akainuka kwenye boksi.

"Na miye ninatafuta kula, Papa."

Alhamisi gari la wakala lilikuja, likabeba viatu vyote kwa mara moja. Wapakiaji hawakutaka hata kuketi. Chumbani yakabaki mavumbi yenye umbo la maboksi, na sauti ya mzee, alipokohoa, ikamrudia kutoka ukutani. Chancelvie alikuwa bado mlangoni.

"Safari za kupoteza pesa bure zilikuwa ngapi, Papa? Useme mwenyewe."

"Nane."

Chancelvie akafungua simu yake.

"Kumi na nane."

"Jephté anaandikaka kila safari. Arobaini na moja."

Papa Casimir akaingia chumbani kwake, akatoa pesa ya pensheni chini ya godoro, akaanza kuhesabu. Akakosea. Akaanza upya. Chancelvie akasema hana haraka, ingawa simu ilikuwa inamwita mkononi. Mara ya tatu hesabu ikatimia. Hapakuwa tena na noti ya kuhesabu upya. Mzee akalipa zote arobaini na moja.

Sawa, sawa, nimeshikwa. Nililipa mimi, mzee mwenyewe.