Sanduku la Kitinda

Kwa miaka kumi na tisa mtunza masanduku alishinda chini kabisa ya jengo la benki akilinda dhahabu za watu, na kanuni za kazi zilimkataza kuwa na sanduku lake mwenyewe katika chumba alichokitunza. Hilo alikwisha kulizoea. Kilichomkaa kooni ni kwamba sanduku namba arobaini na moja lilikuwa la mdogo wake.

Nyumbani mdogo mtu aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na kitindamimba mnamjua: hata akivunja sahani huambiwa pole asije akajikata. Dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, na ndiye aliyechapwa kwa ajili ya sahani hiyo. Alimwonea wivu tangu wote wawili hawajang'oka meno ya utoto. Sasa alikuwa na mvi, na wivu haujapungua hata chembe.

Mwaka uliopita alikwenda kumjulia hali mama akamkuta mikono mitupu. Bangili zake nane za dhahabu, zilizokuwa zikilia jikoni kila alipokoroga sufuria, hazikuwapo.

"Mama, bangili ziko wapi?"

"Nimempa Kitinda," mama akajibu, akahamia kwenye habari za goti lake.

Dada hakuuliza tena. Angeuliza nini? Wiki ileile Kitinda alishuka ngazi za benki na kifurushi cha kitambaa chekundu kwapani, akakodi sanduku, akacheka: "Dada, nilindie vizuri!" Dada akamgongea muhuri, na roho ikamuuma mpaka saa za kufunga.

Kitinda alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Alichukua vitambaa kwa mkopo, harusi tatu zikavunjika mfululizo, na muuza vitambaa akachoka kusubiri akaenda mahakamani. Asubuhi moja amri ikatua juu ya meza ya dada mtu. Benki izuie kila mali ya mdaiwa iliyo mikononi mwake, na ndani ya siku saba ijibu kwa maandishi. Kitu kikitoka baada ya hapo, au kikifichwa, deni litakuwa la benki.

Sasa, benki haijui kilichomo ndani ya masanduku. Ndiyo maana fomu ya majibu ina mstari wa tisa: "Mali ya mtu mwingine, kama ipo." Na ndiyo maana desturi ya ofisi ni kumpigia mteja simu na kumuuliza kabla ya kuujaza mstari huo. Mtu akitajwa pale, mahakama humwita aeleze haki yake. Dada alikuwa amepiga simu hiyo mara nyingi, hata kwa wateja wenye midomo michafu. Alitakiwa pia kumwambia meneja kwamba mdaiwa ni ndugu yake, ili faili apewe mwingine. Safari hii alikaa kimya.

Siku ya tatu Kitinda akaja mwenyewe, macho mekundu.

"Dada, mle ndani kuna kitu lazima..."

"Hapa mimi si dada yako. Hapa mimi ni benki."

"Basi benki inisikilize."

"Benki ina wateja wengine. Ulipokuwa unabeba vya mama, ulikuja kunishauri?"

"Mama kaniapisha nisikwambie," Kitinda akasema taratibu. "Nimesikia huwa mnapiga simu kabla ya kujibu. Basi apige mwenzako, nitamweleza yeye. Mtapiga?"

"Tutapiga."

Alipoondoka, dada akaandika kwenye mstari wa tisa: "Hakuna." Akasaini, akaipeleka fomu kwa mikono yake. Njiani alijisikia mwepesi, na haya hakuona.

Siku ya kufungua sanduku kwa amri ya mahakama, chumba kilijaa: dalali wa mahakama, meneja, muuza vitambaa na Kitinda. Sanduku lilitaka funguo mbili, wa mteja na wa benki. Ndugu hao wawili wakazungusha pamoja bila kutazamana. Dalali akafungua kitambaa chekundu. Bangili zilikuwa nane, na juu yake karatasi iliyokunjwa. Akaisoma kwa sauti ileile ya kusomea kila kitu:

"Hizi ni za kifunguamimba wangu, apewe siku atakayostaafu. Yeye haruhusiwi sanduku kazini kwake, kwa hiyo Kitinda amtunzie. Asiambiwe, nataka nimvalishe mwenyewe."

Maandishi yalikuwa ya mama, yaliyolalia kushoto.

"Benki imejibu hakuna mali ya mtu mwingine," dalali akasema. "Nani alisaini?"

Meneja akaitazama sahihi, akamtazama aliyeiweka. "Ulimpigia simu?"

Dada akatikisa kichwa.

"Huyu ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

Muuza vitambaa akaguna. Meneja akafuta miwani yake, akasema polepole: "Tukibadilisha leo, huyu bwana atadai tumekula njama na mfanyakazi wetu kuficha mali, na tutalipa sisi. Jibu linabaki. Wewe ukitaka kuzidai, nenda kamwambie hakimu kwamba uliandika uongo."

Akampa kalamu. Kwa utaratibu, mtunza masanduku ndiye anayehesabu vitu na kumkabidhi dalali. Dada akahesabu moja moja, zikalia kama zilivyokuwa zikilia jikoni, na alipofika ya nane hakuweza kuiachia. Alimwonea wivu mlinzi wa mali yake mwenyewe.

Kitinda akasogea, akamshika kifundo cha mkono.

"Vaa basi hata hiyo moja, dada. Mara moja tu. Nikamwambie mama nilikuona umevaa."

Dalali akatazama saa yake, akafungua mfuko, akasubiri.